Vitafunio vya Mbwa, Toleo la 2.0

Najua nimekuwa kimya kwa wiki sita hivi, na wengine wenu mnasubiri sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Itakuja. Leo naomba mniruhusu niandike juu ya jambo lisilohusu tarakilishi, ingawa mkifika mwisho mtaona kwamba linahusu kidogo. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyomtengenezea mbwa wangu vitafunio kutokana na mabaki ya jikoni, na jinsi nilivyokaribia kumwua.

Mbwa wangu anaitwa Baiti. Mama yangu humwita Bati, kana kwamba ni bati la kuezekea, na mbwa mwenyewe huitikia majina yote mawili mradi mkononi mna chakula. Ni mbwa koko wa kawaida, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, uzito wake kilo 12. Nilimwokota mtaroni hapa Rongai siku ya mvua akiwa na ukubwa wa kiatu changu. Kazi yangu naifanyia nyumbani, kwa hivyo saa nane au tisa za siku huwa amelala chini ya meza, kidevu juu ya mguu wangu. Nikianza kulalamika peke yangu kwa sababu programu imekataa, yeye huinua sikio lile moja.

Ploti yetu ina nyumba sita, na mwenye nyumba anaishi papo hapo, karibu na geti. Sote tunamwita Shosho. Ana jibwa la ulinzi la kilo zaidi ya 30, na msimamo wake kuhusu mbwa unajulikana: mbwa ni wa nje, mbwa ni wa kazi, mbwa hula kinachobaki.

Sasa, sisi wanaprogramu tuna tabia moja mbaya. Tukiona kitu kinauzwa tunasema, "Hicho hata mimi naweza kukitengeneza wikendi moja." Nilienda dukani nikaona vitafunio vya mbwa, kipakiti kidogo, bei yake inashinda nusu kilo ya nyama. Nikacheka. Nyuma ya pakiti wameandika nini? Unga, ini, mboga. Nikajisemea, hivyo vyote viko jikoni kwangu.

Wikendi iliyofuata ilikuwa ya posa ya dada yangu. Mnajua sherehe za kwetu: watu wanaotarajiwa ni hamsini, chakula kinapikwa cha mia. Jioni Mama akanifungia nusu sufuria ya mchuzi wa nyama uliobaki na bonge la ugali. Kutupa chakula kwetu ni dhambi. Jumamosi usiku nikaketi nao jikoni, nikaona hii ndiyo nafasi.

Toleo la 1.0 lilitengenezwa hivi. Nilichemsha mchuzi mpaka maji yakakauka ukabaki mzito kama uji wa mgonjwa. Nikauponda pamoja na kiporo cha ugali, nikaongeza unga wa ngano, nikakanda, nikakata vipande vidogo kama vya mandazi ya watoto. Oveni sina. Niliweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, juu ya mchanga nikaweka sinia, nikafunika, na juu ya mfuniko nikapanga makaa mengine, jinsi Mama alivyokuwa akituokea keki ya Krismasi. Vilitoka vipande 160, vikavu, vyekundu kidogo, na harufu yake ikajaza ploti nzima.

Baiti alicheza ngoma. Sijui niseme nini zaidi. Alizunguka mkia wake, akalia, akaketi bila kuambiwa. Nilijiona mhandisi kweli kweli. Nikajaza mkebe mmoja vipande 40 nikampelekea Shosho kwa ajili ya jibwa lake. Vilivyobaki nikaviweka kando ya tarakilishi, na kwa siku tatu nikawa namrushia Baiti kimoja kimoja, kama mtu anavyokula njugu akiwa kazini. Nadhani alikula kama 20 kwa siku. Sikuhesabu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuhesabu.

Alhamisi asubuhi hakuja chini ya meza. Nilimkuta amelala kando ya mlango, anapumua haraka kama aliyekimbia. Nilimwita, akainua kichwa tu. Nilipomtoa nje akakojoa, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikafungua mdomo wake. Ufizi, ambao siku zote ni wa waridi, ulikuwa mweupe kama karatasi.

Matatu hazibebi mbwa. Nilimweka ndani ya katoni, tukapanda boda boda, nikiwa nimeishika ile katoni kama mtu aliyebeba seva.

Daktari wa mifugo tuliyemkuta ni mzee mtulivu, wa kuuliza swali moja na kungoja jibu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupekua manyoya akitafuta kupe. Akanieleza kwamba hapa kwetu mbwa mwenye ufizi mweupe na mkojo mweusi hushukiwa kwanza kuwa na babesia, vimelea vinavyoletwa na kupe, ambavyo huingia ndani ya seli nyekundu za damu na kuzipasua. Akachukua damu. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kuona seli nyekundu zinachukua asilimia ngapi ya damu yote. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55 hivi. Baiti alikuwa na 16.

Kisha akapaka tone la damu kwenye kioo, akainama juu ya hadubini, akanyamaza kwa muda mrefu. Wale wanaofanya kazi kama yangu wanaujua ukimya ule. Ni ukimya wa mtu aliyedhani anajua hitilafu iko wapi, kisha akafungua faili akakuta haimo.

"Vimelea sivioni," akasema. "Njoo utazame."

Nilitazama. Kwenye ukingo wa seli nyingi kulikuwa na kijinundu kidogo, kama kifungo kilichoshonwa vibaya. Akaniambia vinaitwa miili ya Heinz, kwa jina la daktari Mjerumani Robert Heinz aliyeieleza mwaka wa 1890. Maana yake ni kwamba himoglobini, ile inayobeba oksijeni, imeharibiwa na kuganda, na mwili ukiona seli ya namna hiyo huivunja. Halafu akavua miwani.

"Kijana wangu, huyu mbwa amekula vitunguu?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Mbwa gani anakula vitunguu? Halafu nikakumbuka jikoni kwa Mama, shangazi zangu wanne wameketi na visu, wanakata vitunguu huku wakifuta machozi na kucheka.

Naomba nieleze hapa, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua na nadhani wengi hawajui. Vitunguu maji, vitunguu saumu, liki na jamaa zao wote wana kemikali za salfa zinazoshambulia seli nyekundu za mbwa na za paka. Sisi binadamu hatudhuriki. Kupika hakuondoi sumu hiyo, wala kukausha. Unga wa vitunguu ulio ndani ya viungo vya mchuzi vya pakiti ni vilevile. Na dalili hazitokei siku hiyo hiyo. Mara nyingi huchukua siku kadhaa, ukiwa umeshasahau alichokula. Kwa mbwa, madhara makubwa kwenye damu yameonekana kuanzia gramu 15 hadi 30 za vitunguu kwa kila kilo ya uzito wake.

Nilifanya hesabu nikiwa kwenye benchi la kliniki. Sehemu yangu ya mchuzi ilikuwa na vitunguu kama vinane vya wastani, tuseme gramu 800. Ukigawa kwa vipande 160, kila kipande kina gramu 5. Vipande 20 kwa siku, siku tatu: gramu 300. Mbwa wa kilo 12: gramu 25 kwa kila kilo. Hesabu ya darasa la sita. Laiti angepewa kijiko cha mchuzi ule, huenda asingedhurika. Lakini mimi niliuchemsha ukapungua, nikaukausha, nikaufinyanga ukawa kitu ambacho mbwa mdogo angeweza kula kingi sana. Niliondoa maji na kuiacha sumu yote.

Daktari akasema hakuna dawa ya kuondoa kilichokwisha kuingia. Atamwekea maji kwa mshipa, atamtunza, na mwili wenyewe utengeneze seli mpya. Lakini kama damu itashuka hadi 12 hivi atahitaji kuongezewa. "Hapa hatuna benki ya damu ya mbwa," akasema. "Tafuta mbwa mkubwa, mzima, wa zaidi ya kilo 25, ambaye mwenyewe atakubali. Kaa naye tayari usiku huu."

Nilimjua mbwa mmoja tu wa namna hiyo. Na yeye nilimpelekea mkebe wa vipande 40.

Nimewahi kuwapigia wateja simu kuwaambia kwamba data yao imepotea. Nimewahi kusimama mbele ya mabosi nikasema kosa ni langu. Sijawahi kutembea hatua ndefu kama zile za kutoka getini hadi mlangoni kwa Shosho jioni ile. Nilikuwa nakwenda kumwambia mama mzee kwamba zawadi niliyompa ilikuwa sumu, na papo hapo kumwomba damu ya mbwa wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akainuka, akaenda kabatini, akarudi na ule mkebe. Ulikuwa umepungua kidogo.

"Mbwa wangu hajavila," akasema. "Vilikuwa vinanukia vizuri mno kumpa mbwa. Nimekuwa nikivila na chai."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamweleza kwamba yeye hana neno, vitunguu havimdhuru mtu. Akasema anajua, ameishi na vitunguu miaka sitini na kitu. Halafu akaongeza, "Ila chumvi umezidisha." Akavaa koti, akamwita mjukuu wake awashe pikapu, na lile jibwa lisilowahi kuruhusiwa hata kukanyaga sebule likapandishwa kiti cha mbele.

Tulikaa kliniki hadi saa saba usiku. Damu ya Baiti ilishuka hadi 14, ikasimama. Saa tano ilikuwa 14, saa saba ilikuwa 14. Jibwa la Shosho lililala sakafuni likikoroma, halikuhitajika kuchomwa sindano. Shosho alikuwa amekaa wima na mkoba wake mapajani kama mtu aliyeko kanisani. Niliposema asante kwa mara ya kumi alinijibu, "Mbwa hafi maji akiona ufuko. Mwache apambane." Siku ya kumi damu ilifika 27. Baada ya mwezi, 39. Bili ilinimaliza, lakini hiyo nitailipa.

Haya basi. Wengine wenu mtasema somo ni kwamba mtu anunue vitafunio dukani. Mimi sikubali. Mbwa wengi wa nchi hii wanaishi kwa mabaki ya mezani na wataendelea kuishi hivyo. Somo langu ni lile ninalowaambia vijana wanaoanza kazi hii, na ambalo sikulifuata: usiamini ingizo. Kitu kikitoka nje ya programu yako, kikague kabla hakijaingia ndani. Mchuzi wa Mama ulikuwa ingizo. Niliuamini kwa sababu ulitoka kwa Mama.

Jambo la pili. Nilipopata nafuu ya moyo nilianza kuandika orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Vitunguu vya kila aina. Chokoleti. Zabibu, mbichi na kavu, ambazo huharibu figo. Makadamia, ambazo tunazilima kwa wingi Murang'a na Embu, na humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Zailitoli, sukari mbadala ya kwenye peremende na baadhi ya siagi za njugu, ambayo pakiti huenda ikaiita E967. Hiyo huangusha sukari ya damu na kuua ini. Mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha. Magunzi ya mahindi na kokwa la parachichi, ambavyo huziba utumbo. Orodha ikawa ndefu, na kila siku nikakumbuka kingine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba narudia kosa lingine tunalolijua vizuri. Orodha ya waliokatazwa haikamiliki kamwe. Kilicho salama ni orodha fupi ya walioruhusiwa. Kisichomo hakiingii, basi.

Orodha yangu sasa ina vitu sita: ugali usio na chumvi, unga wa ngano, yai, ini la ng'ombe lililochemshwa kwa maji matupu, boga, na karoti. Siri ni kuchota mapema. Mabaki mazuri kwa mbwa ni yale unayoyatenga kabla ya kukaanga: kipande cha ini kabla hakijakutana na kitunguu, ukoko wa ugali kabla haujachovywa, ncha za karoti ubaoni. Kikishapita kwenye sufuria ya mchuzi kimekuwa chakula cha watu.

Na mabaki yawe ya jana, si ya juma lililopita. Ugali wenye ukungu usimpe mbwa kwa kuwa "ni mbwa tu". Mimi ni mtu wa Makueni kwa upande wa mama. Mwaka wa 2004 nilikuwa mtoto mdogo wakati mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu ya aflatoksini yalipowafanya watu 317 kuugua na kuua 125, wengi wao Makueni na Kitui. Namkumbuka susu akimwaga gunia zima shimoni, na jirani akimshauri awape mbwa na kuku. Alikataa. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi.

Toleo la 2.0 ndilo hili:

Ugali wa jana, gramu 300
Unga wa ngano, gramu 100
Ini lililochemshwa, gramu 200
Boga lililochemshwa na kupondwa, gramu 200
Yai moja
Karoti moja ndogo, iliyoparwa

Ponda ini na ugali pamoja, changanya vyote, ongeza unga kidogo ukiona vinanata. Sukuma donge liwe na unene wa chapati mbili, kata vipande 120. Oka kwa moto mdogo kwenye sufuria ya mchanga kama nilivyoeleza, kama saa moja, ukigeuza mara moja. Vikitoka, vianike kwenye sinia mpaka vivunjike kwa sauti. Ukiviacha laini vitaota ukungu, na utakuwa umejitengenezea tatizo jipya. Weka vya juma moja kwenye friji, vingine vigandishe.

Sasa hesabu ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo. Mchanganyiko huo una kalori kama 1,200, kwa hivyo kila kipande kina kama 10. Mbwa anahitaji ngapi? Chukua uzito wake kwa kilo, uzidishe kwa wenyewe mara tatu. Kwa Baiti 12 × 12 × 12 ni 1,728. Tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo. Unapata 6.4 na kitu. Zidisha kwa 70: kalori 451, hizo za kupumua na kulala tu. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa zidisha tena kwa 1.6, unapata kama 720 kwa siku. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi, yaani 72. Vipande saba. Naviweka saba kwenye kikombe kila asubuhi, na vikiisha vimeisha. Baiti hakubaliani na hesabu hii na ameniambia hivyo mara nyingi.

Mkebe wa Shosho niliurudisha umejaa toleo jipya. Siku iliyofuata aliniita getini. Alikuwa amekionja, bila shaka. Akasema hiki sasa kweli ni chakula cha mbwa, hakina ladha yoyote, na jibwa lake limekipenda. Kisha akanipa mkebe wa pili, mtupu, akaniagiza nimtengenezee vile vya kwanza. Chumvi nipunguze. Vitunguu niviache vilivyo.

Ile hifadhidata naileta wiki ijayo, Mungu akipenda. Baiti yuko chini ya meza, kidevu juu ya mguu wangu, na mguu umekufa ganzi. Siusogezi.